Mashine Iliyojua Kusema Ndiyo Tu

Mmenisumbua vya kutosha. Kwanza mlituma ujumbe kwenye simu. Halafu mkamtuma mtu mpaka hapa kwangu Awindiri. Mwisho mkaja wenyewe, watano, mkamaliza chai yangu na mandazi yangu, mkasema, "Sista, tuandikie kidogo mambo ya kazi." Kidogo. Nimeshika vichwa vya watu tangu baadhi yenu hamjazaliwa, nanyi mnataka kidogo. Haya, nimekaa. Magoti yanauma, miwani ina ufa upande mmoja, lakini naandika. Nanyi msome mpaka mwisho, si kama mnavyosoma maelekezo ya mashine, mstari wa kwanza na picha.

Kwa wale wapya wasionijua: mimi nilianza kama muuguzi hapa Arua, nikafundishwa kupima umeme wa ubongo, nikaishia humohumo. Ubongo unatoa umeme mdogo mno, na sisi tunabandika vikombe vidogo vya chuma juu ya ngozi ya kichwa ili tuusome. Miaka mingi wagonjwa wangu walikuwa watoto wa kifafa, wanaletwa kutoka Logiri, kutoka Ajia, wamebebwa mgongoni na mama zao. Ile kazi yenu ya kisasa, ya kumwambia mtu aliyepooza awaze kusogeza mkono na kompyuta itambue amewaza mkono upi, nilikutana nayo miaka miwili ya mwisho kabla ya kustaafu. Miaka miwili hiyo ilinizeesha kuliko ile mingine yote.

Nianze na kichwa, maana naona hamuoshi. Mwezi uliopita nilipita kwenye chumba chenu nikakuta binti wa watu kavalishwa kofia ya vikombe juu ya nywele zilizopakwa mafuta mpaka zinang'aa, na fundi wenu amekaa mbele ya kompyuta analalamika kwamba ishara ni mbaya. Ishara gani? Kikombe kinaelea juu ya mafuta, kitasoma nini? Osheni kichwa kwa sabuni ya kawaida, kausheni, tenganisheni nywele kwa kitana, sugueni ngozi kidogo, ndipo muweke jeli. Na kama ni mama anayejifunika, watoeni wanaume chumbani kwanza, ndipo mmwombe afunue. Mambo haya hayahitaji digrii.

Aliyenifundisha mimi alikuwa Mzee Onzima, Mlugbara wa Vurra, fundi wa enzi za karatasi. Mashine yake ilikuwa na kalamu za wino zinazochora mawimbi kwenye karatasi ndefu, na wino ulimwingia kwenye kucha hautoki. Mwaka wangu wa kwanza nilimpima mtoto mmoja, nikaona mawimbi makubwa, ya polepole, yanapanda na kushuka sawasawa ukurasa baada ya ukurasa. Nikashtuka. Nikaandika ripoti nzito kwamba ubongo wa mtoto huyu umeharibika. Mzee Onzima akaitazama karatasi, akaingia chumbani, akamkuta mama yake mtoto amekaa pembeni anampepea mwanawe kwa upepeo wa majani, kwa huruma zake, na kila akipepea nyaya zinacheza. Akauchukua ule upepeo kwa adabu. Mawimbi yakaisha. Akaniambia, "Sista, wewe napima mukono ya mama. Kichwa ya mutoto bado."

Nilikasirika siku nzima. Lakini tangu siku hiyo, kabla sijaamini chochote kilicho kwenye kompyuta, namtazama mtu, natazama chumba, natazama hata kuku aliye mlangoni. Nyinyi mnatazama kioo tu. Mtu anaweza kuzimia nyuma yenu mkasema ishara imetulia vizuri.

Basi akaja Kenneth. Kenneth alikuwa inginia kutoka Kampala, mpole, mwenye akili nyingi na Kiswahili kidogo, aliyeletwa na mradi pamoja na kofia zake. Ndiye aliyenieleza hii kazi, na mimi nawaeleza nyinyi kwa Kiswahili maana naona hata mnaoifanya mnababaika. Mkono wa kulia unaongozwa na upande wa kushoto wa ubongo, na mkono wa kushoto unaongozwa na upande wa kulia. Mtu akitulia, sehemu hizo zina mawimbi yake yanayocheza. Akiwaza kusogeza mkono, hata kama mkono wenyewe umelala kama gogo, mawimbi ya sehemu ya mkono huo yanashuka. Kompyuta inatazama ni upande upi umeshuka. Tukikubaliana kwamba kulia ni ndiyo na kushoto ni hapana, mtu asiyeweza kusema wala kukonyeza anaweza kujibu. Hiyo ndiyo kazi yote, mengine ni hesabu.

Tulimjaribu kwanza askari wa geti letu, mzee aliyewahi kuwa jeshini. Matokeo yakawa mazuri ajabu, kompyuta haikukosea hata mara moja. Kenneth akapiga simu Kampala kutangaza. Mimi nikafanya kama Mzee Onzima, nikaenda kusimama mbele ya yule mzee. Kila akiambiwa kulia, anauma meno mpaka mishipa ya shavu inasimama, kana kwamba ananyanyua gunia la mihogo. Akiambiwa kushoto, anatulia. Kompyuta ilikuwa inasoma taya. Ilibidi Kenneth apige simu tena, na safari hii alitoka nje akaongea kwa sauti ndogo.

Hayo ni ya kuchekesha. Sasa niwaambie la Mama Jamila, ambalo halinichekeshi.

Mama Jamila alikuwa mjane wa Koboko, Mnubi kama mimi, fundi cherehani. Kiharusi kilimpiga akiwa sokoni. Kikamwacha amelala, anasikia kila kitu, daktari alithibitisha, lakini hawezi kusema neno, hawezi kusogeza kidole, na kope zake zinapanda na kushuka bila kumsikiliza. Binti yake Jamila, mwalimu wa shule ya msingi palepale Koboko, alimchukua akamweka kwake. Akawa anamwogesha, anamgeuza, anamlisha kwa mpira wa puani, anakwenda kufundisha, anarudi mchana mbio. Tulikuwa tunatoka Arua na gari la mradi mara mbili kwa wiki kwenda kumfundisha mama kuwaza mikono.

Mwanzoni Kenneth alimwambia awaze anaminya mpira. Wiki tatu, hakuna kitu, kompyuta inabahatisha tu. Mimi nikamwambia Kenneth, huyu mama mpira aliuminya lini? Mtu lazima awaze kazi ambayo mwili wake unaijua, na asiitazame kama televisheni, aisikie ndani ya mkono. Hilo ni kweli, liandikeni. Kisha nikajiona mjuzi, nikasema, "Niachieni mimi." Nikamwinamia mama sikioni: "Mama, waza uko kwenye sinia. Mkono wa kulia unachota chakula, unapeleka mdomoni. Nikisema kushoto, basi chota kwa kushoto."

Nililisema hilo mimi, Mnubi, mtoto wa Kiislamu, niliyelelewa na bibi aliyekuwa anatupiga vidole tukikosea mkono mbele ya chakula. Wala sikulisikia nililolisema.

Siku hiyohiyo mawimbi ya kulia yakaanza kushuka safi, kama mtu amezima redio. Kwenye kushoto kulikuwa na vurugu kidogo, lakini Kenneth alikuwa anatazama alama ya jumla, na alama ya jumla ilikuwa inapanda. Baada ya wiki mbili ikavuka mstari waliouweka wakubwa wa mradi. Kenneth akasema mama sasa anaweza kujibu maswali. Akasema tumjaribu kwanza kwa maswali tunayoyajua majibu, mengine ya ndiyo, mengine ya hapana.

Nikamuuliza: "Mama, wewe ni Mama Jamila?" Ndiyo. "Hapa ni Koboko?" Ndiyo. "Wewe ni fundi wa nguo?" Ndiyo. Jamila akaanza kulia kwa furaha. Kenneth akaninong'oneza, "Sista, sasa moja ya hapana."

Nikamwambia, nimuulize nini? Nimuulize mtu mzima, mjane wa watu, kama yeye ni mwanamume? Nimuulize kama binti anayemwogesha si wake? Huko kwenu Kampala labda mnaulizana hivyo. Sisi hatumwulizi mtu mkubwa upuuzi kitandani pake. Kenneth akaliacha swali lake kwa sababu aliniona kama mama yake, na mimi nikaona nimemfundisha heshima. Kumbe nilikuwa nimemkataza kitu pekee ambacho kingetuokoa.

Wiki hiyo akafika Haji, kaka mkubwa wa mama, kutoka Bombo. Msije mkamfanya Haji mtu mbaya. Alikuwa mwanajeshi zamani, Kiswahili chake cha kambini, moyo wake kwa dada yake ulikuwa safi. Ana nyumba kubwa Bombo, wake wa kusaidia, wajukuu, hospitali karibu. Alisema Jamila peke yake atachoka, na hapo alikuwa anasema kweli, maana Jamila alikuwa amekonda mpaka gauni linamwanguka mabegani. Jamila akasema hamwachi mama yake aende mbali hivyo, naye kazi yake iko Koboko, hawezi kufuata. Wakabishana siku mbili. Ndipo Haji akanigeukia mimi. "Sista, hii mashine yako najua kuuliza. Uliza mwenyewe. Yeye akisema ndiyo, tunakwenda. Akisema hapana, mimi nafunga mudomo."

Hilo lilionekana jambo la haki. Nikauliza mimi, kwa mdomo wangu huu. "Mama, unataka kwenda Bombo kwa kaka yako?"

Ndiyo.

Jamila akasema, rudia. Nikarudia. Ndiyo. Mara ya tatu, ndiyo. Machozi yakamtoka mama pembeni mwa macho, na Haji akasema ni furaha, na mimi pia nikasema ni furaha. Naliandika hilo ili mjue nililisema. Jamila akatoka nje akakaa kwenye ngazi ya jikoni, akaniambia bila kunitazama, "Miezi minane nimemsafisha kama mtoto. Ningejua yeye nataka kwenda, ningeachia mapema." Nilirudi Arua sina raha, nikajiambia ni uchovu.

Safari ikapangwa iwe Jumamosi. Alhamisi tulikwenda kukusanya vyombo vyetu, na Jamila, pamoja na uchungu wake, akapika. Wali, nyama, mboga ya majani yenye simsim. Tulikuwa wanne, Haji akasema hakuna haja ya kugawana, tule sinia moja, sisi ni watu wa nyumba moja sasa. Tukanawa, tukakaa kwenye mkeka karibu na kitanda cha mama ili naye awe nasi. Tukasema bismillahi. Na Kenneth, mbele ya Haji, akapeleka mkono wa kushoto katikati ya sinia.

Nilimpiga kofi la mkono, paa, wali ukamwagika mkekani. Sikufikiri, mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nikamwambia, "Mkono gani huo unautia kwenye chakula cha watu?"

Maskini Kenneth akaficha mkono nyuma ya mgongo. Ni mtu wa mkono wa kushoto tangu kuzaliwa, nilikuwa nimemwona akiandika nao kila siku. Akasema, "Pole, Sista. Pole, Haji. Mimi naambia ule mukono ingine kuja, lakini nakuja huu."

Haji akacheka, akasema yameisha, kijana hajui. Wao wakaendelea kula. Mimi nilibaki na tonge mkononi. Nikamtazama Kenneth. Kisha nikamtazama mama pale kitandani. Nikaliweka lile tonge chini.

Nikasema, "Kenneth, fungua kompyuta."

"Sista, tunakula."

"Fungua kompyuta, nimesema. Nionyeshe kushoto peke yake. Sitaki jumla."

Akafungua kwa mkono mmoja, mwingine una mchuzi. Hatukuwa tumewahi kuzitazama pande mbili kila moja peke yake, hebu fikirieni, watu wazima wawili. Upande wa kulia, mama karibu hakukosea kabisa. Upande wa kushoto makosa yote yalikuwa yamerundikana humo. Na tulipofungua mawimbi yenyewe tukaona ni makosa ya namna gani. Mama akiambiwa kushoto, kilichoshuka kilikuwa sehemu ya mkono wa kulia. Akaambiwa tena kushoto, kulia kukashuka tena. Mama wa watu alikuwa anajitahidi kuuleta mkono wa kushoto kwenye sinia, na mkono wa kulia unaingia wenyewe, kama ulivyoingia kwa zaidi ya miaka sitini. Alama ya kulia ilikuwa nzuri kiasi kwamba ilibeba na uozo wa kushoto ukavuka mstari.

Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu mnanikasirisha kila mnaponionyesha hiyo namba yenu moja mnayoichapisha na kuibandika ukutani. Mimi nilimwambia mwanamke wa Kiislamu kwamba akitaka kukataa kitu, lazima ale kwa mkono wa kuchambia. Halafu nikaona haya kumuuliza swali hata moja la kukataa. Kwa hiyo nilimtengenezea mashine isiyojua ila ndiyo, nikamuuliza kama anataka kuhamishwa, na ikasema ndiyo. Hakuna aliyeniroga. Ni mimi.

Nikamwambia Haji palepale. Akaacha kula. "Sista, juzi unasema mashine iko sawa. Leo nasema iko mbaya. Kesho nasema nini?"

"Mashine iko sawa, Haji. Mbaya ni mimi."

Alikuwa na haki ya kunifukuza. Akasema, "Gari nakuja Jumamosi asubuhi. Mpaka hapo, fanyeni."

Siku moja na nusu. Kenneth akapendekeza tubaki na kushoto, tutafute tu kazi ambayo mkono wa kushoto unaijua. Akafikiri, akasema, kwa uso mkavu kabisa, labda awaze anachamba chooni. Nikamuuliza kama yeye angependa, kila akitaka kumkatalia mtu, aanze kwanza kuwaza choo. Akasema hapana, Sista. Nikamwambia basi.

Jamila ndiye aliyetuokoa. Alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo, anasikiliza. Akasema, "Lazima ikuwe mukono? Mama miguu yake nalisha sisi wote. Anakanyaga cherehani kutoka asubuhi mpaka jioni, mimi nalala kwa ile sauti."

Kenneth akashika kichwa. Sehemu ya miguu, alieleza, imejificha ndani, kwenye ule mfereji wa katikati ya ubongo, mawimbi yake ni magumu kuyaona kushuka. Lakini akasema kuna kitu kingine. Mtu akiacha kuwaza miguu, mara nyingi mawimbi ya juu ya utosi yanaruka ghafla kuliko mwanzo. Tukiukamata huo mruko, tutapata. Basi nikafumua nywele za mama upya, nikamwosha kichwa, nikasugua utosi wake nikaweka vikombe vitatu karibukaribu. Jamila akaketi miguuni pa kitanda, akawa anagonga sakafu kwa kisigino, taka-taka-taka, mwendo ule wa cherehani, mama apate kukumbuka. Kisha anaacha kugonga, na mama anaendelea mwenyewe kichwani. Nikisema "basi", anaacha.

Ijumaa kutwa. Tulipumzika kwa swala na kumgeuza mama, basi. Mchana mawimbi hayakuonyesha kitu na nikawa nimeanza kuwa mkali kwa kila mtu, hata kwa fundi wa umeme aliyepita barabarani. Baada ya alasiri Kenneth akaniita kwa kidole. Nikasema "basi", na mstari wa utosini ukaruka. Tukarudia, ukaruka. Nilikaa kitako sakafuni.

Jumamosi asubuhi gari likafika. Haji akaliambia lisubiri. Kabla ya lolote nikamwinamia mama, nikamwomba msamaha kwanza, nikamwambia leo nitakuuliza mambo ya utovu wa adabu, na hapana sasa ni miguu, si mkono wa kushoto. Nikauliza, "Mama, wewe ni mwanamume?" Miguu. Hapana. "Hapa ni Kampala?" Hapana. "Kenneth ni mume wako?" Hapana, na mruko mkubwa kuliko yote, mpaka Haji akacheka na kikohozi kikamshika. Kisha "Jamila ni binti yako?" Mkono wa kulia. Ndiyo. Nikayachanganya maswali, Kenneth akaziangalia pande mbili kila moja peke yake, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa.

Nikamwambia Haji aulize mwenyewe. Akavua kofia yake, akasogea. "Dada. Mimi hapa. Tunakwenda Bombo?"

Tukasubiri. Hapana.

Akauliza mara ya pili, kwa sauti ya chini. Hapana. Haji akairudisha kofia kichwani polepole. Hakubishana. Alisema tu, "Basi mimi karibu naiba dada yangu," akakaa kwenye kiti.

Jamila alikuwa anatabasamu na machozi yanamwagika kwa pamoja. Akapiga magoti karibu na mto. "Mama, basi unakaa hapa na mimi."

Halikuwa hata swali. Lakini kompyuta ilikuwa inasikiliza, mama alikuwa anasikiliza, na mimi kwa mazoea nikasema "basi". Hapana.

Kenneth akanitazama, nikaona anataka kusema labda ni kosa la mashine. Nami nilitaka hivyo pia, wallahi. Nikamtazama mama, nikatazama chumba, nikatazama nyaya. Mawimbi yalikuwa safi. Nikamuuliza mimi tena, polepole: "Mama, unataka kukaa hapa nyumbani kwa Jamila?" Hapana.

Haji akasema, "Sasa wapi? Hakuna mahali ingine."

Nikamuuliza Jamila, mama yake aliishi wapi kabla ya ugonjwa. Akasema kwenye nyumba yake mwenyewe, nyuma ya soko, vyumba viwili, alivijenga kwa kushona. Imefungwa tangu siku ile, ndani kuna panya tu. Alisema hivyo kama mtu anayetaja nyumba ya marehemu. Miezi minane kila mmoja wetu alikuwa na mpango wake kuhusu mama huyu, mimi nikiwa na mashine ya kuulizia, na hakuna aliyewahi kulitaja hilo mbele yake.

Nikauliza, "Mama, unataka kurudi nyumbani kwako?"

Ndiyo ikaja kabla sijainuka sikioni pake.

Haji akatoka nje kumwambia dereva kwamba safari ni ya nyuma ya soko. Jamila akabaki amepiga magoti palepale, amelaza paji la uso kwenye ukingo wa godoro. Kisha akasema, si kwangu, kwa mama yake, kwa sauti ambayo nadhani hakutaka sisi tuisikie, "Mama, wewe nakataa mimi?"

Nikasema "basi" kwa wakati wake, kama kazi inavyotaka, na nikatazama mstari wa utosini. Ukaruka. Hapana, hamkatai.

"Sista," Jamila akasema, uso wake bado kwenye godoro, "uliza tena."

Nikauliza tena.